Moshi Uliobaki kwa Mama Njeru

Nilifika kwa Mama Njeru watu wakiwa wameshatoka kaburini na kupanga foleni ya chakula. Sikukusudia kuchelewa. Nilisimama Runyenjes kununua maji ya chupa, nikaanza kutazama jinsi soko lilivyopanuka, na pikipiki zilizobeba mikungu ya ndizi pamoja na wenye ndizi, nikawaza kwamba hapo pana makala. Nilipomaliza kuiwaza makala, mtu aliyenilisha mwaka mzima alikuwa tayari chini ya udongo. Ndivyo nilivyo. Nimewahi kuandika kuhusu mazishi ya watu nisiowajua hadi wasomaji wakanitumia rambirambi, na mazishi yaliyonihusu nikayakosa kwa chupa ya maji. Mama mmoja wa kanisa alinitia sahani mkononi: wali, mukimo, kabeji, vipande viwili vya nyama. Nilisimama nikingoja nihisi kitu. Sikuhisi. Nilikula.

Nilipata nafasi kwenye benchi karibu na wazee wawili wa kike wenye vitambaa vya kijani vya kwaya. Mmoja nilimtambua kwa sauti kabla ya uso: Mama Kariuki, jirani wa bonde la pili, ambaye zamani aliweza kuita ng'ombe wa mtu mwingine na ng'ombe akaja.

“Huyu si ndiye mwarimu wa matope?” alimuuliza mwenzake, kana kwamba mimi ni kiti.

“Ndiye. Amenenepa.”

“Hajanenepa. Ni kukaa.” Kisha akanigeukia. “Mwarimu, umekosa wasifu wa marehemu. Wamesema Mama Njeru ndiye alileta jiko ya bomba huku kwetu. Wamesema kwa kipaza sauti.”

“Na moshi je? Walisema?”

Alinyofoa nyama kwenye mfupa kwa utulivu mkubwa, akatafuna, akameza. “Moshi hawakusema. Mazishi si mahali ya kusema moshi.”

Mwenzake alicheka kidogo, akakohoa, akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. Mbele yetu, ng'ambo ya uwanja, jiko la Mama Njeru lilikuwa limesimama vile vile, kuta za mbao zilizopakwa udongo, paa la mabati lililogeuka rangi ya sufuria. Chakula cha mazishi kilikuwa kimepikwa nje, kwenye sufuria kubwa za kukodisha. Hakuna aliyeingia mle. Watu walipita kando yake kama wanavyopita kando ya mtu anayejua habari zao.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kungoja chuo kikuu. Miaka ile mtu alimaliza kidato cha sita akangoja, na kama waliotangulia walikuwa wamegoma na chuo kimefungwa, aliendelea kungoja, hadi jamaa zake wakaanza kushuku kwamba hakufaulu, ila ni mwongo tu. Serikali iliruhusu watu wa aina yetu kufundisha shule za msingi bila mafunzo yoyote, na wazazi walitutambua kwa viatu: mwalimu kamili alivaa vilivyong'aa, sisi tulivaa vya shule. Nilipewa darasa la tano katika shule iliyo juu ya Runyenjes, mahali kahawa inapoanza kuipisha chai, na nikapangiwa chumba kwa Mama Njeru. Njeru mwenyewe sikuwahi kumwona. Alikuwa akifanya kazi Mombasa, na kwa mwaka mzima alibaki kuwa jina la mamake zaidi kuliko kuwa mtu. Aliyekuwapo nyumbani ni Wawira, binti wa Mama Njeru, aliyefundisha watoto wa chekechea katika shule ile ile, msichana wa umri wangu ambaye hakuvutiwa nami hata kidogo. Ninalisema mapema ili msomaji asipoteze muda akingoja mapenzi.

Chumba changu kilikuwa stoo ya zamani ya kahawa. Kilinuka magunia, na dirisha lake lilikuwa ubao mmoja uliofungwa kwa waya. Lakini maisha yalikuwa jikoni, ng'ambo ya uwanja. Jikoni palikuwa na mafiga matatu katikati ya sakafu, viti vifupi vya miguu mitatu, mbuzi aliyelala pembeni, na moshi. Moshi ulianzia kwenye kiuno cha mtu aliyesimama na kwenda juu hadi kwenye mabati. Chini yake kulikuwa na hewa. Kwa hiyo watu wa pale waliingia jikoni wameinama na kuketi mara moja, na ungemjua mgeni kwa jinsi alivyosimama wima, akisalimia kwa adabu huku machozi yakimtoka. Juma langu la kwanza nilimsalimia Mama Njeru nikiwa wima kila siku, kwa sababu nilikuwa mtu wa adabu, hadi aliponivuta kwa mkono wa shati. “Mwarimu, keti. Hiyo ya juu si yetu.”

Ya juu ilikuwa ya mbegu. Juu ya moto, chini ya paa, kulikuwa na uchaga wa fito ambao kwa Kiembu huitwa itara. Nyumba nyingi hukausha kuni pale. Mama Njeru alikausha kuni pia, lakini itara yake ilijulikana kwa mahindi. Yalining'inia kwa maganda yake, mawili mawili, meusi na yenye kung'aa kama viatu vya mwalimu kamili. Palikuwa pia na vibuyu vya maharagwe na vya njahi, zile fiwi nyeusi, na mashuke ya mtama yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Fukusi, wale wadudu watoboao nafaka, hawakugusa kitu chochote kilichokaa juu ya moto ule. Hayo hayakuwa siri wala ujuzi wa pekee. Kila mtu aliyajua, kuanzia naibu chifu hadi watoto wa darasa la tano, na mimi pia niliyajua, maana hata kwetu tulifanya hivyo. Nataka lieleweke hivyo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye: hakuna aliyekuwa mjinga.

Mama Njeru alikuwa mwanzishi wa nyimbo katika kikundi cha akina mama kanisani. Mwanzishi huimba mstari wa kwanza peke yake, bila kupumua katikati, kisha wengine wanaingia. Mapema mwaka ule alianza kuukatisha mstari. Alifika katikati, sauti ikaisha kama maji ya mfereji, na wenzake wakaingia kabla ya wakati ili kumfichia. Walifanya kwa upendo, na vizuri sana, hata mtu asiyejua angedhani wimbo uko hivyo. Nyumbani alikohoa alfajiri akiwasha moto na jioni akipika, na katikati ya hapo alikohoa kidogo tu, kwa heshima, kama anayebisha hodi.

Wawira alimpeleka hospitali, nami nikawasindikiza kwa kuwa ilikuwa likizo na nilipenda kuonekana nikisindikiza watu hospitali. Daktari alikuwa kijana aliyechoka. Alimsikiliza mgongo, akamwambia avute pumzi, akamsikiliza tena.

“Mama, unavuta sigara?”

“Mimi ni wa kikundi cha akina mama.”

“Sikuuliza hiyo.”

“Na mimi nimejibu hiyo.”

Daktari alicheka bila kufungua mdomo. Alisema mapafu yake ni kama ya mtu aliyevuta sigara tangu utotoni, na kwamba kilichoharibika hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kukaa akiondoka kwenye moshi.

“Niondoke niende wapi?” Mama Njeru aliuliza. Halikuwa swali la kebehi. Alitaka kujua mahali. Daktari alitazama mlango, palipokuwa na foleni ndefu, akamwandikia dawa ya kikohozi. Njiani kurudi Mama Njeru alinunua chumvi na kiberiti, akazungumza kuhusu bei ya chumvi hadi tukafika.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Wawira alisimama kanisani bila kuitwa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, iliyozoea watoto wa chekechea, na labda ndiyo sababu watu walinyamaza haraka.

“Mama yangu hamalizi mstari,” alisema. “Nyinyi mnamsaidia kumalizia, mnaona mmefanya vizuri. Mimi sitaki asaidiwe. Nataka amalize mwenyewe.”

Akaketi. Mamake alikuwa akitazama mikono yake. Mzee wa kanisa alisema jambo kuhusu utaratibu wa kuomba nafasi ya kuzungumza, lakini akina mama walikuwa wameshaanza kunong'ona, na kila mmoja alikuwa anamnong'onezea mwenzake jambo moja: hata mimi.

Kulikuwa na mama mmoja afisa wa kilimo aliyekuwa amewahi kupita akifundisha jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Walimsikiliza, wakampa ndizi, wakamsahau. Sasa walimwita tena. Akawaonyesha siku moja kwenye uwanja wa kanisa, akaondoka, na yaliyobaki wakayafanya kwa desturi yao wenyewe. Huku akina mama hupalilia kwa zamu: leo wote shambani kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule, na mwenye shamba hupika. Walichukua zamu ile ile wakaitia jikoni. Kila Jumamosi jiko moja, na mwenye jiko apike nje. Mimi nikafanywa mkanyaga matope. Walisema ni kwa sababu nilisoma fizikia. Nadhani ni kwa sababu sikuwa na shamba, na miguu yangu ilikuwa haina kazi.

Jiko la kwanza lilikuwa la Mama Njeru. Nilikanyaga udongo na majani makavu yaliyokatwakatwa tangu asubuhi, suruali imekunjwa hadi magotini, huku nikiwaeleza kwa nini hewa ya moto hupanda. Walinivumilia. Bomba tulilitengeneza kwa mabati makuukuu yaliyokunjwa, na mimi ndiye niliyeamua lifike wapi. Lilipokauka, Mama Njeru akaliwasha mbele ya kikundi kizima. Bomba lilikuwa fupi kuliko kilele cha paa, upepo ukaupokea moshi na kuurudisha wote ndani kwa mkupuo mmoja. Akina mama walitoka wakikohoa na kucheka, wakishikana mabega.

“Mwarimu,” Mama Kariuki alisema akifuta macho, “hii moshi yako imesoma mpaka kidato cha sita, imekataa kazi ya nje.”

Tukaongeza bomba. Moshi ukatoka. Nakumbuka hasa dakika iliyofuata ndani ya jiko lile, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walisimama wima mle na kuonana. Mama Njeru alitazama kuta zake kama mtu aliyeletwa kwenye nyumba ya wengine. “Kumbe nimekuwa nikiwapikia kwa uchafu hivi,” alisema, na siku iliyofuata akazisugua, hadi alipoweza kufika. Itara hakuigusa. Mahindi yaliendelea kuning'inia pale juu ya jiko jipya, katika hewa safi.

Zamu ikaendelea bonde zima. Ningeweza kuandika sura nyingine kuhusu vyakula vya Jumamosi zile, jinsi kila mwenye jiko alivyojaribu kumshinda wa wiki iliyopita: ndizi zilizopondwa na njahi, githeri yenye mafuta ya kweli, uji wa mtama uliochachuka hadi mtu anafumba jicho moja. Walikula wameketi majanini wakisengenya waume waliosema jiko lisilo na moto wa kuonekana halitoi joto. “Aende akaote jua,” walisema. Shuleni, watoto wangu wa darasa la tano waliacha kuja na macho mekundu. Na katikati ya mwaka, kwenye ibada ya mavuno, Mama Njeru alisimama mbele ya mahindi, maboga na kuku waliofungwa miguu, akaanzisha wimbo. Nilimtazama Wawira. Alikuwa ameinamisha kichwa na kushika ukingo wa benchi. Mstari ulikwenda, ukafika pale katikati unapokatikia, ukapita. Wenzake walikuwa wameshafungua midomo ili kumfichia, wakalazimika kungoja. Alimaliza. Nilipiga makofi peke yangu kanisani, jambo lisilofanywa, na mzee wa kanisa akanitazama. Nikiulizwa leo ni lini mara ya mwisho nilifurahi bila kujitazama nikifurahi, nitataja asubuhi hiyo. Baada yake nimekuwa mtu wa kujitazama.

Kabla ya mvua za vuli kuanza, akina mama walipanda kwenye itara zao kushusha mbegu. Kilichoshuka kwanza kilikuwa unga. Mahindi yaliyotundikwa kama kawaida yalikuwa na matundu madogo, kila punje tundu lake, na yalipogongwa yalitoa vumbi jeupe. Juu ya majiko yasiyo na moshi fukusi walikuwa wamekaa msimu mzima kwa raha. Lakini hakuna aliyesema. Ungedhani jambo la wote lingejulikana siku moja, na ndivyo ambavyo lingejulikana kama lingekuwa moto au mwizi. Mbegu kuliwa na fukusi ni aibu ya mwanamke, kama chawa. Kila mmoja alidhani ni uvivu wake, au ni itara yake iliyo chafu, akafagia unga ule mwenyewe na kunyamaza. Kisha kila mmoja, kwa siku yake, akafunika kikapu kwa leso na kwenda kwa Mama Njeru kuomba mbegu.

Yake pia yalikuwa yameliwa, yale ya mavuno mapya. Lakini nyuma kabisa ya itara palikuwa na mahindi ya misimu iliyopita, yaliyoloa moshi hadi moyoni, na hayo fukusi waliyapita. Ndiyo aliyogawa. Nilikuwa nikisahihisha madaftari mlangoni pa stoo, nikawasikia wakija mmoja mmoja. Wa kwanza alisema panya. Wa pili alisema panya. Mama Kariuki alisema mkwe wake alikula mbegu kwa kutojua, jambo ambalo hata mbuzi hakuliamini. Mama Njeru alimpa kila mmoja, akamsikitikia kwa ajili ya panya, na jioni akamwambia Wawira, “Hii mwaka panya wamejua kupanda itara.”

Aliwaita wote siku moja alasiri, akachemsha chai kwenye jiko la bomba, akaweka katikati ya sakafu ungo wenye mahindi yake mwenyewe yaliyotobolewa. Walitazama ungo, wakatazamana, na Mama Kariuki ndiye aliyeanza kucheka. Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Nilikuwapo, nimeketi karibu na mbuzi. Kisha kicheko kikaisha na mbegu zikawa bado zimeliwa. Mmoja alitaja dawa ya unga ya dukani. Mwingine akataja familia iliyoumwa matumbo kwa dawa ile, na habari ya dawa ikafa. Mbegu za ushirika zilikuwa za kubahatisha, mara zije, mara zisije. Hakuna aliyesema tubomoe mabomba. Nadhani lilikuwa midomoni mwa wengine, lakini walikuwa na watoto waliolala bila kukohoa.

“Kama kungekuwa na jiko moja tu lenye moshi,” alisema mama mmoja mdogo, aliyekuwa na mtoto mgongoni. “Tukitundika zote hapo.”

“La nani?” Wawira aliuliza.

Wote walitazama magoti yao. Mvuke wa chai ulikuwa unapanda wima kwenda juu, kwenye fito.

“Leteni hapa,” Mama Njeru alisema. “Itara yangu ndiyo kubwa. Na mimi nimeshaharibika.”

“Mama.”

“Wawira, nyamaza. Wageni hawajaongezwa chai.”

Wawira aliwaongeza chai. Alizunguka na birika, akamimina kwa kila mmoja, na kila mmoja alisema asante mama, asante, huku akitazama kikombe. Nami niliongezwa. Jambo lilikuwa na busara yake, na kila aliyekuwa mle aliiona. Walichokubaliana zaidi ni kwamba lingekuwa la muda. Wangejenga kibanda cha mbegu kando, chenye moto wake, mara tu palizi ikiisha. Nguzo zililetwa kweli, nzuri, za mkaratusi. Zilikaa zimeegemezwa kwenye ukuta wa stoo yangu hadi kanisa lilipohitaji uzio.

Mafiga matatu yakarudishwa katikati ya sakafu, kando ya jiko la bomba. Mama Njeru alipika kwenye bomba na kufukiza kwenye mafiga, na mbegu za bonde zima zikawekwa juu, zilizonusurika, kila familia na fundo lake la kamba ili mtu asichukue za mwingine. Kuni za kufukiza huwa mbichi, na moto wake huhitaji mtu wa kuukalia kando, maana ukiachwa unazimika au unawaka bila moshi. Akaukalia. Asubuhi moja Wawira aliyabingirisha mafiga yote matatu nje, kupitia shamba la kahawa, hadi mtoni, akaja shuleni na udongo kwenye sketi. Alienda moja kwa moja kuwafundisha watoto nyimbo za kuhesabu. Tuliporudi jioni, akina mama wa kikundi walikuwa wanapanda kutoka mtoni. Walikuwa wamebeba mafiga mengine mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso, kama wabebavyo kuni, na walikuwa wakiimba. Waliyapanga kwa uangalifu, wakajaribu sufuria kama itakaa sawa. Walimpa Wawira pole kwa mafiga kupotea.

Shule yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, na kutoka darasani niliona majiko yote. Asubuhi kila paa lilitoa uzi mmoja wa moshi, mwembamba, ulionyooka kwenye bomba lake. Kwa Mama Njeru moshi ulitoka kila mahali: kwenye mabati, kwenye mbao, chini ya mlango, nyumba nzima ikifuka kama nguo iliyoanikwa na kuanza kukauka. Mwisho wa mwaka walikuja wageni wa wilaya kuona kazi ya kikundi. Nilitakiwa kutoa maelezo kwa Kiswahili safi, na nikayatoa. Yalikuwa maelezo mazuri, watu walisema baadaye kwamba nitakwenda mbali. Mgeni mmoja alinyoosha kidole bondeni akauliza ile inayofuka ni nini. “Hiyo ni ya mbegu,” akina mama walijibu pamoja. Mgeni alisema ni mpango mzuri sana. Kisha wakasimama kuwaaga kwa wimbo, na Mama Njeru akaanzisha. Mstari ulikwenda hadi katikati. Wenzake wakaingia kabla ya wakati, vizuri sana, hakuna mgeni aliyejua.

Baada ya mwaka mpya chuo kilifunguliwa, nikaondoka na sanduku langu. Nilisoma, nikajifunza kuandika sentensi ndefu, nikaanza kulipwa kwa maoni. Mama Njeru hakufa upesi. Aliishi miaka mingi na pumzi iliyobaki, akitembea hadi kwenye kahawa na kusimama, kisha hadi mlangoni na kusimama. Ukisikia mtu akisema moshi unaua, unafikiria kitu cha haraka.

Mazishini, watu walipoanza kupungua, Wawira aliniita kwa mkono. Amestaafu sasa, alikuwa mwalimu mkuu. Ana nywele nyeupe na sauti ile ile ndogo. Alifungua mlango wa jiko, nikaingia nimeinama, nikaketi kwenye kiti kifupi kabla sijagundua kwamba hakukuwa na moshi wa kunilazimisha. Majivu yalikuwa baridi. Yeye alibaki amesimama.

“Walimletea mtungi wa oksijeni,” alisema. “Wakasema usiwashe moto karibu. Kwa hivyo msimu mzima hatukuwasha.”

“Na kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo mimi nilikuwa nikizima, yeye anawasha. Tumeishi hivyo.”

Alifikia itara bila kunyoosha mkono sana. Haikuwa na mengi. Alisema akina mama wameshakuja, wamechukua mafundo yao, wengine wakilia, wengine wakikagua kama ni yao. Siku hizi wengi hununua dukani hata hivyo, au wana mifuko ile isiyopitisha hewa. Waliendelea kuleta kwa Mama Njeru kwa sababu walikuwa wamezoea kuleta, na yeye alikuwa amezoea kupokea. Akashusha hindi moja, akaniwekea mapajani. Lilikuwa la rangi ya kahawia isiyokolea.

“Hili halikupata moshi wa kutosha,” alisema. “Lilitundikwa siku chache tu kabla ya mtungi.”

“Nilifanye nini?”

“Mwarimu, ni mbegu.” Alinitazama kidogo. “Ama kaa nalo tu.”

Ninaishi ghorofani, Nairobi, na sina hata chungu cha ua. Ninapika kwa gesi. Nililiweka lile hindi kwenye ubao wa dirisha la jikoni, nikakusudia kuandika kitu juu yake, kisha nikaandika mambo mengine yaliyotakiwa haraka. Juzi nilipokuwa nikingoja chai ichemke niliona mstari wa unga mweupe chini yake, mwembamba, uliopangika vizuri kama uliochekechwa. Nililiinua, likawa jepesi. Nililiweka sikioni na kusikia kazi ikiendelea ndani. Nilifuta unga kwa kitambaa, nikalirudisha mahali pake, kisha nikafungua dirisha kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kitu cha kutoka.